Mkono wa Kulia wa Fisi

Nilifundishwa kuimba kwa makofi. Shangazi yangu, dada ya baba, ndiye aliyekuwa na nyimbo zote za upande wetu wa Lodwar, na kiganja chake kilikuwa kigumu kama ubao. Ukikosea neno, kofi. Ukicheka mahali pa kulia, kofi. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Tulikuwa tunakaa kivulini tunasuka vikapu vya mkoma, mikono ina kazi na midomo ina kazi, na ole wangu sauti ikitetemeka.

Wimbo alioupenda kuliko zote ulikuwa wa mke aliyekuwa fisi. Watu wengi kwetu wanaujua vipande vipande. Yeye aliujua wote. Mwanamume anaoa mwanamke mzuri asiyekula nyama mbele za watu. Mbuzi wanaanza kupotea. Mume anajificha zizini, anamwona mkewe anavua ngozi aliyovaa, anaigeuza ndani nje, anaivaa tena, na hapo hapo mgongo unainama, meno yanachomoza, anawavamia mbuzi. Mume anapiga panga. Mguu wa mbele unakatika, fisi anakimbia huku analia. Mume anautia ule mguu kwenye mfuko wa ngozi, anaulalia. Asubuhi anaufungua, na ndani mna mkono wa mwanamke, umevaa bangili alizompa yeye mwenyewe siku ya harusi. Akiinua macho anamwona mkewe yuko mekoni, anachochea moto kwa mkono mmoja.

Lakini si lazima uwe mkono. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mwimbaji anauliza, "Fisi, fisi, ameumia wapi?" na yeye mwenyewe ndiye anayechagua jeraha, kila ngoma jeraha lake: leo sikio, kesho bega, siku nyingine unyayo. Waitikiaji wanalipokea hilo jeraha na kulirudia mpaka vumbi linapanda. Shangazi alinipa sheria mbili juu ya wimbo huu, na zote mbili ziliingia na makofi.

"Kabla hujafungua mdomo," aliniambia, "zunguka. Salimia watu wote, ejok, ejok, mmoja mmoja. Angalia masikio, angalia miguu, angalia mikono. Ukiona mtu anachechemea, fisi wako asiumie mguu. Ukiona mtu amefunga kidole, fisi wako asiguswe mkono. Mpe jeraha ambalo hakuna mtu analo."

"Kwa nini?"

Kofi. Halafu akajibu, "Kwa sababu watu wakishacheza wanakuwa wapumbavu."

Sheria ya pili ilikuwa hii: usinyamaze kabla ya maziwa. Mwisho wa wimbo mume anamwonea mkewe huruma, anaushona ule mkono kwa ukano wa ng'ombe, anammwagia maziwa kichwani, na mke anarudi kuwa mtu. "Ukiacha wimbo kabla ya maziwa," shangazi alisema, "umemwacha fisi katikati ya watu."

Nilizijua sheria zote mbili. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu watu wananionea huruma na kusema ati sikujua. Nilijua.

Nilipoolewa nilihamia Kakuma, mjini, upande wa laga, ule mto mkavu wa mchanga. Nikafungua kibanda cha mandazi na chai, na watu wakaniita mama mandazi ingawa mama sikuwa. Miaka mitatu ya ndoa, tumbo kimya. Ndugu za mume wangu walikuwa wameanza kuniangalia kama mbuzi anayekula majani ya bure. Na mimi nina mdomo, sikatai. Mtu akinigusa kwa neno, mimi namjibu kwa matatu. Kwa hiyo hakuna aliyenigusa, isipokuwa jirani yangu.

Jirani huyu alikuwa mjane aliyetoka Lokori na mbuzi wachache. Tulimwita mama wa Lokori. Mrefu, mkavu, anasema polepole, na kila neno lake linafika lilikotumwa. Tulikosana mferejini. Niliacha mitungi yangu kwenye foleni nikaenda kugeuza mandazi, nikarudi nikaikuta imetupwa nyuma.

"Mitungi haina miguu ya kusimama foleni," akasema.

Nikamvuta shanga za shingoni, zikakatika, zikamwagika kwenye tope. Yeyote wa kwetu anajua kwamba kumkatia mwanamke shanga ni kumvua heshima mbele za watu. Akanipiga kichwa cha pua, damu ikanijaa mdomoni. Watu wakatutenganisha wakicheka. Wiki iliyofuata tukapigana tena, safari hii kwa mawe, na chifu akatuita wote wawili akatuambia kwamba atakayerusha mkono mara ya tatu atalala seli. Basi tukaacha. Tukawa tunatukanana kwa macho.

Asubuhi moja alikuja kibandani kabla wateja hawajafika. Tulikuwa sisi wawili tu. Nilikuwa nakaanga karai la kwanza. Sikumbuki tulianza vipi, lakini nakumbuka alipomaliza. Alisema, "Mdomo wako unazaa sana. Labda ndiyo sababu tumbo limekataa."

Ai! Nilimsukuma kwa mikono yote miwili. Akayumba, akatafuta pa kushika, na mkono wake wa kulia ukazama kwenye mafuta mpaka kifundo.

Sijawahi kusikia sauti kama ile, na nimesikia mengi. Alipoutoa, ngozi ilikuwa imeanza kujikunja. Nilimmwagia maji, nikavua leso yangu, nikamfunga. Akilini nilimwona chifu, niliiona seli, nikaona ndugu za mume wangu wakinifungia virago.

Yeye akapumua kwanza. Kisha akasema, "Nitawaambia niliteleza." Akaondoka, na leso yangu mkononi.

Ungedhani nilishukuru. Wapi! Nilikasirika zaidi. Amenitukana tumbo langu, nimemchoma, halafu yeye ndiye anayenisitiri. Kila nilipomwona na ile leso nilihisi kama amenikalia kichwani. Hasira hasara, waliosema hivyo walinijua.

Wiki ile ile fisi aliingia upande wetu. Alianza na mbuzi wa shemeji yangu, kaka ya mume wangu, akamwaga matumbo yao zizini kama mtu anayefanya mzaha. Mara ya pili aliua wengine. Mara ya tatu alimkuta binti mdogo wa shemeji amelala nje kwa sababu ya joto, akamshika usoni. Baba yake alimrushia mkuki, akampata, fisi akamwacha mtoto na shavu limening'inia. Mtoto alipelekwa hospitali akiwa hai, lakini baba yake hakuwa mtu tena. Walifuata damu kulipokucha. Ikapita vichaka vya mathenge, ikavuka laga, ikaja huku kwenye nyumba, ikaisha. Haikurudi porini. Iliishia kwenye nyumba za watu, na hapo wazee wakanong'ona neno ambalo kwetu halisemwi kwa sauti: ekapilan, mchawi.

Hakuna aliyejua mkuki ulimpata wapi yule fisi. Kulikuwa na giza. Shemeji alisema tu kwamba aliusikia ukiingia nyama.

Jumamosi ikaja harusi. Madume yalichinjwa, watu walikula, na jua lilipolegea ngoma ya edonga ikaanza, wanaume wanaruka, wanawake wanawajia kwa mstari. Wakaniita niongoze. Wewe uliyefundishwa na shangazi, wakasema, tuimbie wa fisi! Siku kama hiyo, watu wakiwa na hofu kama ile, mtu mwenye akili angeimba wa ng'ombe. Mimi nilikubali, kwa sababu nilipenda kuitwa.

Nilizunguka kama nilivyofundishwa. Ejok, ejok. Nikaangalia masikio, miguu, mikono. Mama wa Lokori alikuwa amesimama pembeni, mkono umefungwa kwa leso yangu, ameushika kifuani. Akaniangalia. Nikamwangalia. Nilikuwa nimeshachagua sikio la kushoto, kwa maana hapakuwa na mtu mwenye jeraha la sikio.

Nikaimba. Harusi, nyama isiyoliwa mbele za watu, mbuzi wanaopotea, ngozi inayogeuzwa. Sauti ilikuwa imenikubali siku hiyo. Watu walikuwa wanapiga miguu mpaka naisikia ardhi tumboni, tumboni mle mle alimosema yeye. Nikafika.

"Fisi, fisi, ameumia wapi?"

Nimewahi kuwaambia watu kwamba mdomo uliteleza. Ulimi hauna mfupa, nilisema. Uongo mtupu. Sikio la kushoto lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, nikalimeza, nikaimba, "Mkono wa kulia! Ameumia mkono wa kulia!"

Wakapokea. Walirudia mara sijui ngapi, simu zimeinuliwa juu zinarekodi, na kila waliporudia vichwa vikazidi kugeuka. Kwanza wawili, kisha kumi, kisha wote. Yeye alishusha ule mkono polepole, akaugeuzia uwanja mgongo, akaenda zake hatua kwa hatua bila kukimbia. Wanawake wakapiga vigelegele, wanaume wakaninyanyua mabegani. Maziwa sikuyafikia. Niliona utamu, na nikaachia wimbo hapo.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikuwa kwenye karai nilipousikia wimbo wangu unakuja barabarani. Walikuwa wanauimba huku wanapiga. Wengine walikuwa wametoka kanisani moja kwa moja, mashati meupe, Biblia kwapani na fimbo mkononi. Walikuwa wamemburuta mama wa Lokori toka nyumbani kwake. Baadaye nilijua kwamba nyumba ilikuwa tayari inaungua na mbuzi wake wamekatwa. Mdomo ulikuwa umepasuka, jicho moja limefunga, shanga zote hazipo. Mbele yao alikuwa shemeji, na panga.

Mama wa Lokori mwenyewe ndiye aliyewaleta kwangu. "Muulizeni huyu," akasema, na meno yake yalikuwa mekundu. "Niliungua hapa. Kwa mafuta. Muulizeni."

Shemeji akanigeukia. Hakuwa na ubaya na mimi. Ndiye pekee katika ndugu zake aliyewahi kunitetea. "Shemeji, ni kweli? Huyu aliungua hapa kwako?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Mtoto mdogo angeweza kulisema. Nikamfikiria chifu. Nikafikiria shavu la binti yake, na panga, na ile hasira yote ikibadilisha njia na kunijia mimi. Nikamwangalia yeye akinisubiri kwa lile jicho moja lililobaki wazi. Kisha nikainamia karai, nikageuza andazi lisilohitaji kugeuzwa.

"Mimi sijui mambo ya mkono wake," nikasema.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Walimvuta akaenda nao, na wimbo ukaanza upya.

Nilibaki nimesimama mpaka mandazi yalipokuwa meusi. Moshi ulinifanya nikohoe, na kikohozi ndicho kilichoniamsha. Nikakimbia bila viatu kwenye mchanga unaochoma, nikapiga mayowe toka mbali.

Walikuwa wamemlaza lagani chini ya mti, wanaume wawili wamekalia mgongo wake na wa tatu ameunyoosha mkono juu ya mzizi. Leso yangu walikuwa wameifungua. Walikuwa wanabishana, na walikuwa wanabishana juu ya wimbo! Mmoja anasema ukikatwa unageuka kuwa mguu wa fisi palepale, mwingine anasema hapana, lazima uwekwe mfukoni kwanza. Nilijipenyeza mpaka katikati.

"Nilimchoma mimi!" nikalia. "Ni mafuta yangu! Tulipigana, nikamsukuma, yeye akanificha! Mwacheni, ni mtu!"

Panga la shemeji lilishuka kidogo. Niliona kwa macho yangu likishuka. Akaniangalia muda mrefu, jasho linamdondoka kidevuni, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidiwa:

"Basi mbona jana uliimba?"

Mimi, mwenye mdomo. Mimi ninayejibu neno moja kwa matatu. Nilifungua kinywa hakikutoka kitu. Jibu lilikuwepo: niliimba kwa sababu alinisema tumbo langu, na nilitaka watu wamwangalie vibaya walau jioni moja. Lilikuwa jibu dogo mno mbele ya umati ule, nikaona haya kulitoa. Haya! Mwanamke amelazwa juu ya mzizi na mimi naona haya.

Akapiga. Panga lilikuwa butu, la kukatia mathenge. Alipiga mara tatu.

Kisha wakafanya kama wimbo unavyosema. Waliutia mkono kwenye mfuko wa unga, wakaufunga mdomo, wakauweka mchangani, wakarudi nyuma hatua chache. Wakangoja. Mimi nilikuwa nimembana kiwiko kwa leso yangu kwa nguvu zote, damu inanipita vidoleni, napiga kelele waniletee pikipiki, na hakuna aliyenisikia, wote wanaangalia mfuko. Nzi wakaanza kuja. Hatimaye mzee mmoja akaufungua, akachungulia, akaumwaga nje.

Ulikuwa mkono. Una malengelenge ya mafuta na bangili moja ya chuma. Mwanamke mmoja akatapika. Kijana aliyekuwa akirekodi akazima simu. Walianza kuondoka mmoja mmoja, hawaangaliani, wanajipangusa mashati ya kanisani. Shemeji peke yake alibaki, amepiga magoti mbele ya ule mkono.

"Ngojeni," alikuwa anasema. "Ngojeni kidogo. Bado."

Dereva wa pikipiki alipatikana. Tulimkalisha mama wa Lokori katikati yetu, kichwa chake begani kwangu, tukaenda hospitali. Hakufa. Shemeji alifungwa, na binti yake anakua na kovu usoni bila baba. Polisi aliandika maelezo yangu, na nilipofika kwenye wimbo akaiweka kalamu chini. "Mama," akasema, "wimbo si kosa." Mume wangu alinirudisha kwetu bila maneno mengi. Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi, nikamweleza yote, sikuacha kitu, nikasogeza shavu. Aliniangalia tu, akarudi kwenye kikapu chake. Kofi lile moja nililolitaka, hakunipa.

Sasa ninakaa Nawoitorong, karibu na Lodwar, nasuka vikapu. Sikuimba tena. Miaka miwili ilipita, kisha siku moja mchana, mtu mrefu akasimama mlangoni akanizibia mwanga.

"Ejok," akasema.

Nilimpa kigoda. Nilimpa maji. Akanywa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameufunika kwa shuka. Nilianza kulia na kuomba msamaha, maneno yanagongana, nikasikia mdomo wangu unaanza tena ule uongo wake wa zamani, kwamba uliteleza, kwamba sikufikiri. Akainua kidole ninyamaze. Akatoa simu.

Ilikuwa video ya harusi. Imezunguka mpaka Kalobeyei, aliniambia, kuna watoto huko wanaicheza. Akaisimamisha mahali. "Tazama macho yako hapa," akasema. Nikatazama. Kwenye kioo nilikuwa nimegeuza uso pembeni, ninaangalia kitu kilicho nje ya picha, na mdomo wangu umeanza tu kufunguka.

"Hapo ulikuwa unaniangalia mimi," akasema. "Nikianza kukuonea huruma, naitazama."

Akaizima. Akaondoa shuka. Kigutu kilikuwa laini mwishoni, kina mng'aro. Akakiweka juu ya goti langu, mahali ambapo mtu angemwekea mwenzake mkono.

"Wimbo wako haukuisha siku ile. Mimi ni mtu wa Lokori, na sisi tunaujua. Una maziwa mwishoni. Maliza."

Nikamwambia sauti haipo. Akangoja. Nikaanza chini, kwa kukwaruza, nikaimba mume anavyomwonea huruma, anavyoushona mkono kwa ukano wa ng'ombe, anavyommwagia maziwa kichwani, na mke anavyosimama akiwa mzima, vidole vyote kumi. Nilipomaliza alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia gotini pangu, kwenye kigutu, kama wale watu lagani walivyokuwa wanaangalia mfuko.

Akajifunika shuka, akasimama.

"Bado," akasema. "Nikija kliniki mwezi ujao nitapitia hapa. Utaimba mpaka mkono urudi."

Sijui kama alikuwa anatania. Hakucheka. Mwezi uliofuata alikuja, na mwezi uliofuata tena, na wiki hii atakuja. Maziwa nimeshanunua, kwa sababu mara ya mwisho aliniambia labda ndiyo yaliyokosekana.